Dakika Mbili Mbele

Mkaguzi alifika kwenye karakana ya Injinia Jumatano asubuhi, akamkuta kijana huyo juu ya ngazi, bisibisi kaibana kwa meno, anafunga feni ya dari. Aliitwa kijana kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na nne tu, na katika chama cha redio za ridhaa mtu wa umri huo bado ndiye anayetumwa kuleta viti.

Alishuka haraka, akapangusa kiti kwa kiwiko cha shati lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Ungenipigia simu tu, ningekufuata."

"Marahaba, mwanangu. Malalamiko hayasikilizwi kwa simu." Mkaguzi alikaa, akatoa mkobani barua pamoja na daftari lake la jalada jeusi. Alikuwa mama wa miaka sitini na mbili, mstaafu wa ofisi ya simu za maandishi, na kwa miaka kumi na mitano ndiye aliyekagua matokeo ya mashindano ya chama. "Nieleze kama unamweleza mpita njia asiyejua kitu. Ukweli hupenda kuelezwa hivyo."

Injinia akakuna kidevu. "Haya. Kila mwaka tuna mashindano. Saa ishirini na nne, kila mtu na redio yake nyumbani, si kwa sauti bali kwa milio mifupi na mirefu, nukta na mistari. Atakayezungumza na vituo vingi zaidi duniani anachukua ngao."

"Wote kwa sheria moja?"

"Hapana. Madaraja matatu. La kwanza, Masikio Matupu. Mtu mmoja, hasaidiwi na chochote, anavitafuta vituo mwenyewe kwa masikio yake. La pili, Msaada. Hapo unaruhusiwa kutazama ubao wa mtandao, ambako watu wa dunia nzima hutangaziana kwamba kituo fulani kiko mahali fulani. La tatu, Wawili na Zaidi. Mimi nipo Msaada. Kompyuta mbili mezani, ubao uko wazi mbele yangu, na kwenye fomu nimeandika hivyo hivyo."

"Na Mwalimu?"

"Masikio Matupu. Na aliye Masikio Matupu anaongezewa nusu ya pointi zake, kwa kuwa amehangaika peke yake. Bila nyongeza hiyo nimemshinda. Kwa nyongeza hiyo kanishinda, na ngao inakuwa yake moja kwa moja, maana huu ni ushindi wake wa kumi."

Mkaguzi aliandika. "Endelea. Umeona nini?"

Injinia akageuza kompyuta yake. "Mara arobaini na tatu, mama. Kituo kinatangazwa ubaoni, na kabla dakika mbili hazijaisha, Mwalimu kakiandika daftarini. Mara moja ni bahati. Mara tano ni masikio mazuri. Arobaini na tatu?"

"Kwani huo ubao una ubaya gani?"

"Hauna! Ndiyo hoja yangu miaka yote. Sheria zetu ziliandikwa na watu wanaodhani kompyuta ni uchawi…" Akalitazama daftari jeusi. "Samahani. Najua nyingine umeziandika wewe."

"Mbili tatu. Usiombe radhi, sema."

"Mimi nasema chombo kitumike, ila kitajwe. Mwenye fimbo atembee na fimbo yake, hakuna atakayemcheka. Lakini asiifiche nyuma ya mguu halafu akaongezewa pointi kwa kutembea bila fimbo."

Mkaguzi aliinua macho. Ukutani, kando ya nyaya zilizoviringishwa, ulining'inia mkanda mpana wa kupandia, una matope mekundu yaliyokauka.

"Huo wa nini?"

"Wa mlingoti wa Mwalimu." Injinia alitazama pembeni. "Kila mwaka, wiki moja kabla ya mashindano, napanda kumkazia antena. Goti lake halimruhusu tena."

"Mwaka huu pia?"

"Mwaka huu pia. Nilikaza kwa mikono yangu antena iliyonishinda."

"Ulipokuwa pale uliona waya wowote wa mtandao unaingia chumbani kwake?"

"Sikuona. Lakini simu ya mkononi haihitaji waya."

"Adhabu unaijua?"

"Kufungiwa miaka mitatu."

"Mwalimu ana themanini na mbili."

Feni ilizunguka nusu duara, ikasimama. "Barua hiyo nimelala nayo siku tisa, mama," alisema Injinia. "Ya kumi nikaituma."

*

Chumba cha chama kilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wageni. Katibu, kinyozi mstaafu mwenye moyo mpana kuliko chumba chenyewe, alikuwa ameshamwekea Mkaguzi mto kwenye kiti, kwa sababu alijua mgongo wake. Hakumwambia. Aliuweka tu.

"Kesi ya Mwalimu," alisema, akitikisa kichwa. "Mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Nimeshaagiza keki ya Jumamosi, na ngao imepigwa msasa. Usiniambie niirudishe."

"Sijakuambia kitu. Niletee mafaili ya vituo vingine."

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Kila mazungumzo ya redio yana watu wawili, na kila mmoja huandika upande wake: nani, masafa gani, dakika gani. Saa hutofautiana nchi na nchi, lakini kwenye mashindano wote huandika kwa saa moja ya dunia nzima. Wote hutuma madaftari yao kwa kamati. Kwa hiyo mtu akidanganya upande huu, upande wa pili humsuta.

Alitandaza mezani daftari la Mwalimu. Lilikuwa la karatasi, kama kawaida yake, herufi kubwa zilizonyooka. Alilitazama kidogo. Miaka ya karibuni mwandiko wa Mwalimu ulikuwa umezidi kuwa mzuri. Hata mwaka juzi aliuona, akapita.

Akaanza na la kwanza kati ya yale arobaini na tatu. Mwalimu kaandika dakika ya kumi na mbili. Ubao ulitangaza kituo hicho dakika ya kumi na moja. Lakini kituo chenyewe, daftarini mwao, kilimwandika Mwalimu dakika ya kumi.

La pili. Mwalimu, thelathini na nne. Ubao, thelathini na tatu. Kituo, thelathini na mbili.

La tatu vilevile. La nne vilevile. Ilipofika saa nane mchana alikuwa amepitia thelathini na tisa, maana vituo vinne havikutuma madaftari yao. Yote thelathini na tisa yalisema neno moja: Mwalimu alizungumza na kituo kwanza, kisha ubao ukatangaza. Waliomsikia akikiita kituo ndio waliokimbia kukitangaza.

"Kumbe ubao ndio uliokuwa unamfuata yeye!" Katibu alipiga kofi. "Nilisema mimi! Sasa kwa nini daftari lake lionyeshe vingine?"

"Saa yake iko mbele dakika mbili. Kuanzia mwanzo wa mashindano mpaka mwisho, dakika mbili kamili."

"Basi imekwisha. Saa mbovu haina kesi. Tia sahihi hapa, mama, mimi nimwambie mwoka keki aongeze sukari."

Mkaguzi alishika kalamu. Karatasi ilikuwa mbele yake, na mahali pa sahihi palikuwa peupe. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema, "mwanafunzi wake katika chuo cha simu. Asubuhi moja saa yangu ilikuwa nyuma nusu dakika. Nusu dakika tu. Alinitoa nje, nikasimama uani mpaka adhuhuri. Alisema mpiga simu asiyejua saa ni mwongo asiyejijua. Mtu huyo ana saa ya mezani inayojirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Mwalimu hana saa mbovu, Katibu."

"Amezeeka."

"Saa yake haijazeeka."

Katibu aliisogeza karatasi karibu naye tena. "Mama, kuna mawe mtu hapaswi kuyafunua."

"Ndiyo," alisema Mkaguzi, akikunja faili. Lakini Alhamisi asubuhi alikwenda.

*

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya mwisho mtaani, na mlingoti ulisimama nyuma yake kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na saba, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mkunga, hata wale aliowapokea duniani kwa mikono yake.

"Karibu, karibu ndani! Vua viatu ukitaka, na usipovua sakafu haitalia."

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kimepangwa kama kabati la dawa. Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya mashine yake, hedifoni shingoni. Alimgeukia mgeni kwa tabasamu pana, ila tabasamu lilielekea kidogo kushoto kwake, kwenye pazia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Eh! Vidole!" Hilo ndilo jina alilompa chuoni kwa upesi wa mikono yake. Tabasamu likahama, likamkuta. "Marahaba, binti yangu. Nilijua ni wewe, nilisikia hatua. Kaa, kaa. Bibie, chai!"

"Chai iko njiani tangu mgeni hajapiga hodi," alisema Mkunga.

Mkaguzi alikaa, akatazama chumba kwa jicho la kazi. Mashine katikati ya meza. Kulia kwake, kipigio cha shaba kilichong'aa kwa vidole vya miaka mingi. Kushoto, saa ya mezani yenye tarakimu nyekundu, imemwelekea Mwalimu. Alitazama saa yake ya mkononi, ambayo huirekebisha kila asubuhi kwa redio. Zilikwenda sawa, sekunde kwa sekunde.

Kisha akaona stuli. Ilikuwa upande wa pili wa meza, nyuma ya mashine, ina mto uliobonyea katikati. Mbele yake, pembeni mwa meza, palikuwa na kikombe cha kupimia dawa kilichojaa kalamu. Aliyekaa pale alimwona Mwalimu usoni, lakini saa nyekundu aliiona mgongo.

Mwalimu aligonga meza kwa kidole, taratibu, kama anayewaza. Masikio ya Mkaguzi yalisoma bila kuombwa: sukari. Mkunga, akiwa katikati ya kumwuliza mgeni habari za wajukuu, alisogeza bakuli la sukari mpaka likagusa mkono wa mumewe, na hakukatiza sentensi.

"Siku hizi anaomba kwa nukta?" Mkaguzi aliuliza.

"Sauti yake sijui anamwekea nani," alisema Mkunga. "Labda mke mdogo."

"Mke mdogo angenitilia sukari ya kutosha," Mwalimu alijibu, na wote watatu wakacheka.

Mkaguzi alikunywa chai nusu kikombe kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja na habari njema. Uliandikiwa malalamiko kwamba ulitumia ubao wa mtandao. Nimelinganisha madaftari. Si kweli. Wewe ndiye uliyetangulia kila mara, ubao ukakufuata. Umesafishika."

Mwalimu alipiga goti lake, akasahau kwamba lina maumivu, akaguna na kucheka kwa pamoja. "Ubao! Mimi nikatazame ubao! Umesikia, bibie?"

"Nimesikia." Mkunga alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa mama na mtoto wote wazima. Akainama kummiminia mgeni chai zaidi.

Hapo ndipo Mkaguzi alipoiona. Kwenye kifua cha blauzi ya Mkunga ilikuwa imebanwa saa ndogo ya fedha, ile ya wauguzi, inayoning'inia kichwa chini ili aliyeivaa aweze kuisoma. Ilimbidi Mkaguzi ainamishe shingo kidogo. Aliisoma, akatazama tarakimu nyekundu, akaisoma tena.

"Saa nzuri hiyo, dada."

"Ya kazini." Mkunga aliigusa kwa fahari. "Walinipa nikiwa binti. Haijawahi kusimama hata siku moja."

"Iko mbele kidogo."

"Dakika mbili. Makusudi! Mkunga huitanguliza saa yake, mama, maana mtoto hamngoji mtu. Ndiyo kusema watu wa mtaa huu wote ni wakubwa kwa dakika mbili kuliko vyeti vyao. Hata mwenyekiti…"

Alikuwa anacheka. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama maji yanayokatika bombani. Mkono wake ulipanda ukaifunika saa.

Mkaguzi angeweza kunyamaza. Chai ilikuwa tamu, na hati ya kumsafisha Mwalimu ilikuwa mkobani, haijakosa kitu ila sahihi. Lakini aliingiza mkono mkobani, akatoa karatasi, akamwekea Mwalimu mkononi.

"Limebaki jambo moja dogo, Mwalimu. Nithibitishie tu kwamba huu ni ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Mwandiko ni wako?"

Mwalimu aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole juu yake taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Naam," alisema. "Mwandiko wangu huu. Wa nani tena?"

Ilikuwa barua ya Injinia, iliyopigwa chapa kwa kompyuta.

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Mkunga. Mkaguzi aliichukua karatasi polepole. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano, na hakuwahi kumtega mtu kwa namna iliyomtia haya mtegaji kiasi hicho.

"Umempa nini?" Mkunga aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwa nini umemfanyia hivyo?"

"Amenipa nini?" Mwalimu aligeuza uso huku na huku. "Bibie. Amenipa nini?"

"Si daftari lako, baba."

Saa nyekundu ilibadilisha dakika.

"Tangu lini, Mwalimu?" Mkaguzi aliuliza.

Hakujibu yeye. Alijibu mkewe, akiwa ameketi kwenye stuli, mahali pake. "Miaka minne. Ni presha ya macho. Kwanza pembeni, halafu katikati. Sasa anaona mwanga wa dirisha, basi. Yeye husikia, yeye huzungusha, yeye hupiga. Mimi humsomea namba za masafa, na huandika. Aliniwekea mikono juu ya mikono akanifundisha herufi zake, ili zifanane."

"Masikio ni yangu!" Mwalimu alipaza sauti. "Mkono unaopiga ni wangu! Vituo mia nane na kumi na moja, hakuna hata kimoja alichonisikilizia mtu! Huyo kijana na makompyuta yake…"

"Kijana katangaza makompyuta yake, Mwalimu." Mkaguzi alifungua kitabu cha sheria ingawa hakuhitaji. "'Masikio Matupu: kusikiliza, kutafuta, kupiga na kuandika, vyote ni kazi ya mtu mmoja.'"

"'Na kuandika,'" Mwalimu alisema. Sauti yake ilishuka. "Neno lako hilo."

"Langu. Miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu ya wale ndugu watatu waliokuwa wanaandikiana."

"Nilikuwapo mkutanoni. Nilinyoosha mkono kuliunga." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mkono nilikuwa nauona wakati ule."

"Kuna fungu la kumi na nne," Mkaguzi alisema. "Mwenye ulemavu anaruhusiwa mwandishi, bila kupunguziwa hata pointi moja. Barua tu, kabla ya mashindano. Mistari mitatu. Ungeandika, Mwalimu, ningekuwa wa kwanza kuipitisha."

"Barua hiyo nani angeiandika? Yeye. Angeandika: mume wangu haoni. Mngeisoma kwenye kikao, Katibu angelia, mngenipa ngao kama watu wanavyompa mgonjwa matunda." Alitikisa kichwa. "Nilimkataza."

Mkunga aliinuka. Akavuta droo ya chini, chini ya vitambaa vya meza, akatoa bahasha. Ilikuwa imefungwa, imeandikwa jina la kamati, na pembeni tarehe ya miaka minne iliyopita, wiki tatu kabla ya mashindano ya mwaka ule.

"Niliiandika," alisema. "Alinikataza kuituma. Hakunikataza kuiweka."

Mwalimu aligeuza uso kuifuata sauti yake. Ilikuwa wazi kwamba hakujua.

Mkunga akaiweka bahasha mbele ya Mkaguzi na kuisukuma kwa ncha za vidole, kama alivyolisukuma bakuli la sukari. "Tarehe ni ya kweli, wino ni wa kweli. Barua hupotea, mama. Ofisini kwenu zinakaa kwa nani?"

"Kwangu," alisema Mkaguzi.

"Basi."

Mkaguzi aliishika bahasha. Ilikuwa nyepesi. Hakuna mtu katika kamati ambaye angeuliza. Katibu angeimba. Hata Injinia, akisikia, angekwenda kuomba radhi mpaka mlangoni hapa, na mwakani angepanda mlingoti tena.

"Bibie amekupa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Barua ya fungu la kumi na nne. Ina tarehe ya zamani."

Alinyoosha mkono, na Mkaguzi akampa. Aliipapasa, akaipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa bahasha uliobandikwa.

"Umeandika nini humu?" alimwuliza mkewe.

"Kwamba hakuna masikio kama yako. Kwamba naomba ruhusa niwe kalamu yako."

Mwalimu alifumba macho yale yasiyoona. "Ningejua ni maneno hayo," alisema, na hakumaliza. Kisha akaitia barua katika mfuko wa shati lake, akaubonyeza mfuko.

"Vidole. Nilikutoa nje kwa nusu dakika. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa unalia, nilikuona dirishani. Leo mimi uniache ndani kwa miaka minne? Andika kama ilivyo."

"Ni miaka mitatu ya kufungiwa, Mwalimu."

"Hesabu naijua. Nimeshinda mara kumi. Sita niliandika mwenyewe, hizo ni zangu, waniachie. Hizi nne zilikuwa zetu." Alinyoosha mkono upande wa stuli, ukakuta mkono mwingine umeshafika. "Lilikuwapo daraja la Wawili na Zaidi. Hatukulijaza."

"Tungekuwa wa ngapi?" Mkunga aliuliza ghafla. "Katika hilo daraja la wawili?"

Mkaguzi alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kichwani. "Mwaka huu, wa kwanza."

Nje, waya wa mlingoti ulipigwa na upepo.

"Baada ya miaka mitatu nitakuwa na themanini na tano," Mwalimu alisema.

"Na mimi nitakuwa nimefanya mtihani wa leseni," alisema Mkunga, akijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nukta zenyewe nimeshazijua, miaka minne hata kiziwi angejifunza. Mimi nipige, wewe uniandikie."

"Kwa macho haya?"

"Basi utachemsha chai. Na sukari utaitafuta mwenyewe."

Mwalimu alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake hasa, ingawa kilikatika mwishoni.

Mkaguzi alitoa fomu ya maelezo ya shahidi, akampa Mkunga kalamu kutoka kwenye kikombe cha dawa. Mkunga aliandika mistari sita, kwa herufi kubwa zilizonyooka ambazo kamati ilikuwa ikizisifu miaka minne. Alipofika chini, penye jina la mwandishi, alisita, kisha akaandika jina lake mwenyewe. Halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya chama. Akainamisha kidevu, akasoma saa kifuani, akaandika saa nne na dakika ishirini na mbili.

Mkaguzi alitia sahihi yake kwenye hati ya hukumu papo hapo, maana aliogopa kwamba akingoja hataweza. Akaandika saa yake: saa nne na dakika ishirini.

Mkunga alimsindikiza mpaka mwisho wa ua. Alimfungia mikate miwili kwenye karatasi, akamtilia mkobani juu ya hati ile. Mkaguzi alitaka kukataa, akashindwa.

*

Jumamosi, kabla kikao hakijafunguliwa, Katibu alikuwa anapanga faili. Hakukuwa na keki. Mlangoni Injinia alisimama peke yake, hajakaribia meza ya ngao, na aliulizia kitu kimoja tu: kama Mwalimu atakubali bado akaziwe kamba za mlingoti.

"Mama," Katibu alinong'ona, "hapa pana kosa. Shahidi ameandika saa nne na ishirini na mbili. Wewe umehukumu saa nne na ishirini. Inaonekana umetoa hukumu kabla ya kusikia ushahidi. Nisahihishe?"

Mkaguzi alitazama karatasi mbili zile, kisha mwandiko ule mzuri, ambao mwaka juzi aliuona akapita bila kuuliza mtu wa miaka themanini anawezaje kuzidi kuandika vizuri.

"Usiguse," alisema. "Iko sawa. Nilijua kabla hajaandika."